Desemba ya Msanii Chipukizi Jijini: Ratiba, Koo, Begi na Malipo

Kwa mwimbaji, mcheza dansi au mwigizaji anayeanza kazi katika jiji kubwa, Desemba ndio mwezi simu inapoita mfululizo. Maofisi yanafunga mwaka kwa sherehe, kwaya zina matamasha, maduka makubwa yanataka maonyesho ya watoto, makanisa yana ibada za mkesha, na harusi nyingi husogezwa ziangukie likizo. Msanii mgeni huuingia mwezi huu akihesabu shoo. Kumbe kinachomchosha hadi sauti ikakata ni saa zilizo katikati ya shoo: za barabarani, za kusubiri hotuba ziishe, za kupiga soga kwenye ukumbi wenye kelele, na zile chache anazobakiza za kulala. Ukizipanga hizo, shoo zenyewe zinabebeka.

Kalenda

Kila kazi ina nyakati tano, nazo ziandikwe zote: kutoka nyumbani, kufika ukumbini, saundi cheki (kujaribu mitambo ya sauti), kupanda jukwaani, na kuondoka. Onyesho la dakika 40 kwa kawaida humeza nusu siku nzima ukijumlisha safari, kuvaa na kusubiri, kwa hiyo ukiandika muda wa kupanda jukwaani peke yake, kalenda itakuonyesha nafasi ambayo haipo.

Kwa safari, chukua muda unaotumia siku ya kawaida, uzidishe mara mbili, kisha ongeza dakika 30. Jioni za wiki mbili kabla ya Krismasi barabara za kuelekea madukani hujaa, na dakika hizo 30 si za foleni tu. Ni za kutafuta mlango wa watumishi, kumsubiri mlinzi athibitishe jina lako, na kupandisha vifaa kwa lifti ya mizigo. Tarehe 24 na 25 ziangalie peke yake, kwa sababu katika miji mingi usafiri wa umma hupunguzwa au husimama mapema. Wiki moja kabla, tafuta ratiba ya sikukuu uone basi au treni ya mwisho inaondoka lini. Ukikuta inaondoka kabla hujashuka jukwaani, gharama ya teksi ya kurudi iingie kwenye bei unayomtajia mteja, tena mapema.

Kazi mbili kwa siku zinawezekana. Sharti ni kwamba kati ya muda ulioandikwa wa kumaliza ya kwanza na muda wa kufika kwenye ya pili kuwe na saa 3 au zaidi, mbali na safari. Sherehe za kufunga mwaka huchelewa karibu kila mara: mkurugenzi hajafika, zawadi hazijagawiwa, hotuba tatu zimekuwa saba. Ya kwanza ikichelewa kwa saa moja na nusu, ya pili haitaharibika. Kazi tatu kwa siku moja usikubali kama unaimba mwenyewe. Acha pia siku moja wazi kila wiki, uiandike kwenye kalenda kama kazi, la sivyo utaiuza.

Katika ujumbe wote wa kazi andika muda kwa tarakimu za saa 24, kama 20:00. "Saa mbili" inaweza kumfikisha mpigaji kinanda ukumbini asubuhi, au kukufikisha wewe wakati wageni wameshaondoka.

Makubaliano kabla ya kukubali

Huhitaji mkataba wa kurasa kumi. Ujumbe mmoja ulioandikwa vizuri, ambao mwandaaji ameujibu kwamba anakubali, unatosha kwa kazi ndogo. Uwe na haya: tarehe na anwani ya ukumbi, muda wa kufika na wa kupanda, onyesho lina vipande vingapi na kila kipande ni dakika ngapi, nani analeta spika, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na maiki, kama kuna chumba cha kubadilishia nguo kinachofungwa, malipo kamili na lini, na nini kinatokea mwandaaji akiahirisha.

Kwenye malipo, omba advansi ya nusu ya malipo siku mnayokubaliana, na nusu iliyobaki kabla hujapanda jukwaani. Si kwamba waandaaji ni wabaya. Baada ya sherehe mhasibu yuko likizo, aliyekuita yuko kijijini kwao, na ofisi haifunguki mpaka Januari. Fedha ambayo haijaingia kabla ya ofisi kufungwa huwa fedha ya mwaka ujao, wakati kodi ya chumba haisubiri. Mteja akiwa kampuni, uliza siku ya kwanza kabisa: ankara ipelekwe kwa nani, iwe na namba gani ya oda, na mwisho wa kupokea ankara za mwaka huu ni tarehe ngapi. Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalofanya watu walipwe Februari.

Weka pia kipengele cha kuchelewa. Kwa mfano: nikikaa zaidi ya dakika 45 baada ya muda wangu wa kupanda bila kupandishwa, kila nusu saa inayofuata ina malipo yake, au onyesho litafupishwa ili niondoke muda ule ule. Mwandaaji akijua hilo mapema, mshereheshaji atakuita kabla ya hotuba ya nne.

Msanii aliye chini ya miaka 18 asikubali kazi bila mzazi au mlezi kusoma makubaliano, na asiende ukumbini wala kurudi peke yake.

Nyimbo na kii zake

Hesabu ya nyimbo 20 hadi 25 inatosha mwezi mzima: theluthi moja za Noeli zinazojulikana na wote, theluthi moja za furaha za kawaida, na zilizobaki tulivu kwa ajili ya wakati wa kula. Mara nyingi kosa liko kwenye kii, yaani wimbo unaimbwa juu au chini kiasi gani, kuliko kwenye idadi. Katika nyimbo nyingi za Noeli, noti ya juu kabisa huangukia penye mkazo, mara nyingi karibu na mwisho wa ubeti. Kuiimba mara moja jioni si tabu. Tabu ni kuiimba mara nne kwa siku wiki nzima. Shusha kila wimbo nusu toni au toni nzima kutoka pale unapoimba ukiwa umepumzika, na ufanye hivyo Novemba ili mpiga ala au biti zako (muziki uliorekodiwa unaoimbia juu yake) ziwe tayari. Kipimo ni hiki: ukiamka asubuhi baada ya shoo, bila kupasha sauti sana, noti ya juu ya wimbo ifikike kwa sauti ya wastani. Isipofikika, shusha tena.

Biti zihifadhi kwenye flashi, kwenye simu, na kwa mtu mwingine unayemwamini. Majina ya faili yaanze na namba za mpangilio (01, 02, 03) ili fundi mitambo asikuulize "inayofuata ipi?" katikati ya makofi. Sikiliza zote mfululizo kwenye spika moja na uzisawazishe ukubwa wa sauti. Biti moja ikiwa kubwa kupita nyingine, fundi ataishusha, halafu inayofuata haitasikika, nawe utaanza kupaza sauti kuitafuta.

Neno kuhusu haki. Nyimbo nyingi za zamani za Noeli hazina tena mmiliki wa maneno na muziki, lakini mpangilio mpya wa ala au wa sauti nne wa wimbo huo huo unaweza kuwa na mwenyewe. Ukitaka kurekodi na kuweka mtandaoni, tumia mpangilio ulioutengeneza mwenyewe au uliopewa ruhusa kwa maandishi.

Koo

Maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti. Yakipita hapo, unapaliwa. Yanazifikia kwa kupitia mwilini, taratibu. Ndiyo maana chupa nzima unayoinywa nyuma ya jukwaa itakupeleka chooni tu, ilhali maji uliyokunywa kidogo kidogo tangu asubuhi ndiyo yanayofanya kazi jioni. Mvuke ndio unaofika moja kwa moja. Mimina maji ya moto kwenye bakuli pana, yaache kwa dakika chache yaache kufoka, weka bakuli mezani wala si mapajani, kisha vuta mvuke kwa pua na mdomo kwa dakika 5 hadi 10. Huhitaji kuweka dawa yoyote ndani.

Kupasha sauti kwa dakika 15 kunatosha, na njia inayofaa zaidi msimu huu ni mrija, kwa sababu haina kelele na inafanyika hata kwenye chumba cha kupanga chenye ukuta mwembamba. Jaza glasi nusu kwa maji. Zamisha ncha ya mrija sentimita 2 hadi 3, funga midomo kuuzunguka, kisha toa sauti ya "uuu" kupitia mrija mpaka mapovu yatoke mfululizo. Panda polepole kutoka noti ya chini hadi ya juu, ushuke. Fanya hivyo dakika 4 au 5 ukipumzika katikati. Kinachotendeka ni kwamba hewa inayokwama kwenye mrija inarudisha msukumo juu ya nyuzi za sauti, zikakutana kwa upole bila kugongana kwa nguvu. Ukiona shingo inakaza au mashavu yanauma, mrija umezama mno: uinue. Mapovu yakikatika katikati ya kupanda, unasukuma kwa pupa, punguza pumzi. Baada ya hapo tetemesha midomo kwa dakika 3, guna "mmm" ukishuka ngazi za noti, halafu malizia na ubeti mmoja wa wimbo wako wa kwanza kwa nusu sauti. Ukimaliza shoo, rudia mrija dakika 3. Watu huruka hatua hii kila siku, na kesho yake sauti inaamka nzito.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni mazungumzo baada ya onyesho. Mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti yake bila kujijua, na nusu saa ya kuongea juu ya muziki wa disko inaweza kuumiza koo kuliko onyesho zima. Wanaotaka kukusalimia watoe nje ya ukumbi, korido ikiwezekana, uongee nao huko. Kunong'ona si kupumzisha sauti; wengi wanaponong'ona hukaza koo. Ongea kwa sauti ndogo ya kawaida au nyamaza kabisa. Kukohoa ili "kusafisha" koo nako kunagonganisha nyuzi. Meza mate, au unywe funda moja la maji umeze kwa nguvu.

Kuhusu dawa, kuwa mwangalifu. Pipi za mentholi hupoza koo kiasi cha kukuficha maumivu, ukaendelea kuimba palipoumia. Dawa nyingi za mafua na mzio zinazoleta usingizi hukausha koo pia. Aspirini na ibuprofeni huathiri kuganda kwa damu, na mwimbaji mwenye nyuzi zilizochoka anaweza kuvuja damu ndani ya uzi wa sauti. Kwa maumivu ya kichwa kabla ya shoo, muulize daktari au mfamasia kuhusu parasetamoli. Chakula cha mwisho kiwe saa 2 hadi 3 kabla ya kulala, kwa sababu asidi ya tumboni inayopanda usiku hufanya uamke koo likiwa limevimba.

Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, hasa baada ya noti ya juu au kikohozi kikali, acha kuimba hapo hapo. Usijaribu "kuona kama imerudi". Nyamaza na umwone daktari wa masikio, pua na koo haraka iwezekanavyo, kwa kuwa huenda mshipa mdogo umepasuka. Sauti inayokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua nayo inahitaji daktari huyo huyo.

Ukumbini

Nenda na maiki yako. Maiki ya ukumbi imepita kwa mshereheshaji, mkurugenzi, watoto kumi na mtu mwenye mafua. Maiki ya dainamiki (aina imara ya jukwaani) ya bei ya wastani hudumu miaka mingi, na usafi wake ni rahisi: fungua kichwa cha wavu kwa kukizungusha, toa sponji ya ndani, osha vyote viwili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, viache vikauke kabisa usiku mzima. Kukirudisha kikiwa na unyevu ndiko kunakoua maiki. Mwili wa maiki wenyewe usiguse maji.

Kwenye saundi cheki usianze na wimbo unaoupenda. Anza kwa kuongea, halafu imba kipande chenye kelele kuliko vyote ili fundi aweke kiwango cha mwisho, kisha kipande tulivu kuliko vyote. Ukianza na tulivu, fundi ataongeza, na ukifika kwenye kiitikio sauti itapasuka kwenye spika. Simama mahali halisi utakapoimbia. Monita (spika unayojisikilizia jukwaani) iwe mbele yako, nyuma ya mkia wa maiki, kwa sababu maiki nyingi za kuimbia hazisikii vizuri kutoka nyuma. Usifunike wavu kwa kiganja hata kama inapendeza kwenye picha: ukifunika, maiki huanza kusikia pande zote, mluzi unaanza, na fundi hana la kufanya zaidi ya kukushusha. Mdomo uwe sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye wavu. Kwenye noti kubwa rudi nyuma kidogo.

Hoteli kubwa Desemba huwa na sherehe nne kwa wakati mmoja kwenye kumbi zinazopakana, na kila moja ina maiki zisizo na waya. Maiki yako inaweza kufanya vizuri saa kumi jioni, kisha saa moja usiku ukasikia sauti ya mshereheshaji wa ukumbi wa pili, au sauti ikawa inakatika. Mkumbushe fundi atafute upya masafa ya redio ya maiki kumbi zote zikishawaka, na uwe na kebo ya mita 6 begini. Kebo haiingiliani na mtu. Betri za maiki zisizo na waya ziwe mpya kila shoo. Zilizobaki nusu zitumie mazoezini.

Gitaa au fidla ikitoka kwenye baridi ya nje kuingia ukumbi wenye joto, au kwenye jua kuingia kwenye kiyoyozi, iache ndani ya kasha lililofungwa kwa nusu saa kabla ya kuitoa. Ukiisawazisha mara tu unapofika, nyuzi zake zitakuwa zimetoka kwenye toni kabla ya wimbo wa pili.

Begi na maleba

Mbali na maiki na kebo: kiboksi cha DI (cha kuunganisha ala na mikisa), kebo ya kutoka simu kwenda kwenye mikisa, ekstensheni, tepu ya kitambaa, betri za AA nane, chaja, taulo, plasta za malengelenge, pini kumi za kufungia nguo, sindano yenye uzi tayari, soksi au taitsi za akiba, na orodha ya nyimbo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Simu huzimika, karatasi haizimiki.

Anayevaa vazi la Baba Krismasi avae fulana ya pamba ndani, na kila dakika 30 hadi 40 atoke akavue koti na kunywa maji. Joto ndani ya vazi lile, pamoja na taa, humfikisha mtu kwenye kizunguzungu. Ndevu zikibandikwa kwa gundi ya ngozi, jaribu tone moja ndani ya mkono saa 24 kabla, na uzitoe kwa mafuta, si kwa kuzivuta.

Maleba yenye vimetameta hayafuliwi kila siku. Yageuze ndani nje, nyunyizia makwapa spiriti isiyotiwa manukato iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, yaning'inize penye hewa. Jaribu kwanza kwenye pindo kama rangi haitoki. Mcheza dansi abebe jozi mbili za viatu na kuzibadilisha kila baada ya shoo, kwa sababu kiatu chenye unyevu ndicho kinacholeta malengelenge.

Usiku na sikukuu yenyewe

Kabla hujatoka nyumbani, mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na umtumie mahali ulipo unapoanza safari ya kurudi. Malipo yaje kwa simu au benki. Ukipewa taslimu, hesabu ndani ya chumba kilichofungwa, gawa sehemu mbili, usiweke zote kwenye begi la vifaa. Ukirudi usiku wa manane, ondoa vipodozi, mrija dakika 3, lala. Kuangalia video za shoo kitandani hula saa nzima ya usingizi, ziangalie kesho.

Tarehe 25 wengi huwa kazini, mbali na nyumbani, na hakuna haja ya kujifanya haiumi. Panga kuwapigia mama na ndugu asubuhi, kabla ya kupasha sauti. Usiku watakuwa wamelala na wewe hutakuwa na sauti. Wasanii wenzako ambao nao hawakusafiri waalike mapema, wiki mbili kabla, mle pamoja mchana au tarehe 26. Mialiko ya dakika za mwisho haifanikiwi, kwani kila mtu anadhani mwenzake ana pa kwenda.

Baada ya tarehe 26

Pumzisha kuimba siku mbili hadi tatu, ongea kidogo, kisha rudi kwa mrija kabla ya nyimbo. Tuma vikumbusho vya ankara zote ambazo hazijalipwa, kila kimoja kikiwa na nakala ya makubaliano, ili kiwe cha kwanza mhasibu atakachokiona ofisi ikifunguliwa. Kisha chukua daftari kabla hujasahau, uandike kwa kila ukumbi: jina la fundi mitambo, mlango wa kuingilia vifaa, umbali wa soketi ya umeme hadi jukwaani, muda halisi uliopandishwa ukilinganisha na ulioandikwa, na wimbo ulioitikiwa kuliko zote. Septemba, waandaaji hao hao watakapoanza kupanga sherehe zijazo, watumie ujumbe wewe kwanza ukiwa na daftari hilo mkononi.